Bonde Limejaa, Mbegu ni Moja



Nilipoletewa barua ya kutakiwa niseme machache mbele yenu, niliambiwa nichague jambo lolote nililolifanyia kazi. Kazi yangu, kama wengine mnavyojua, ilikuwa ya majani. Wenzangu wa darasa waliokwenda kuwa madaktari na mahakimu wamenitania kwa miaka mingi kwamba nilisomeshwa kwa fedha za umma ili nikatazame majani. Utani huo nimeupokea, na leo nitawalipa kwa kuwasimulia majani hayo mpaka wachoke.

Nitaanzia bondeni. Kila mtu aliyekulia Pemba anajua kwamba kisiwa chetu ni vilima na mabonde. Juu kuna mikarafuu na minazi, chini kuna mpunga. Na anajua pia kwamba bonde ni mali ya kina mama. Mimi nilikuwa nikifuatana na marehemu mama kwenda kupalilia, na siku moja, nikiwa na umri wa miaka minane hivi, nilifanya kazi kwa bidii kubwa sana. Nilipalilia safu nzima peke yangu. Mama alipogeuka akakuta nimeng'oa mpunga na kuacha magugu yamesimama vizuri, yamepata nafasi ya kupumua.

Nilipata kofi langu, kisha nikapata somo. Mama aliokota mche wa mpunga na mche wa gugu, akanionyesha pale jani linapokutana na shina. Kwenye mpunga pana kiulimi cheupe, chembamba kama karatasi, kilichopasuka katikati. Kwenye lile gugu hapana kitu. "Usitazame urefu wala rangi," akasema, "tazama kiulimi." Miaka mingi baadaye, chuoni, mwalimu wa elimu ya mimea alitufundisha jambo lile lile kwa jina la Kilatini: gugu lile huitwa Echinochloa, na moja ya alama zake ni kukosa kiulimi. Niliandika kwenye daftari langu huku nikijua kwamba mama, ambaye hakuingia darasani hata siku moja, alikwisha nifundisha.

Basi nilipomaliza masomo ya mwanzo ya kilimo nilirudi nyumbani nikiwa bwana shamba, kijana, na baskeli, na imani kubwa kwamba najua. Hapa ndipo ninapotaka kuungama jambo mbele yenu. Sitataja bonde lenyewe wala ofisi iliyonituma, kwa kuwa kosa nililitenda kwa mdomo wangu mwenyewe.

Katika bonde lile kila mama alikuwa na mbegu zake. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa nazo saba au nane. Aliziweka ndani ya vibuyu, juu ya dari ya jiko, pahala moshi unapopita ili wadudu wasizisogelee. Hakuziita kwa majina ya vitabuni. Aliziita kwa waliompa: hii ya mama, hii ya mkwe, hii ya yule bibi wa ng'ambo ya mto. Nyingine zilikuwa za maji mengi, nyingine za ukingoni ambako maji hukauka mapema, na nyingine huwahi kuiva ili watu wapate cha kula kabla ya wenzake. Katika ngwe yake moja aliweza kupanda tatu kwa pamoja.

Mimi niliona fujo. Niliwaambia kina mama wale waache mchanganyiko huo, wapande bonde zima mbegu moja mpya, yenye mavuno makubwa na yenye kuiva siku moja, ili kazi iwe nyepesi. Walinisikiliza kwa adabu, na kwa kuwa nilikuwa mtoto wao, wengi wakakubali. Msimu wa kwanza bonde lilipendeza, ungedhani ni zulia la kijani, na mavuno yakawa mengi. Nilitembea kifua mbele.

Msimu wa pili, mwanzoni mwa miaka ya 1990, majani yakaanza kupata michirizi ya manjano. Baada ya wiki chache bonde zima lilikuwa la rangi ya machungwa mabivu, miche imedumaa, masuke yametoka matupu. Wengine mnaujua ugonjwa huo. Ni ugonjwa wa manjano ya mpunga, ambao kwa wakulima wengi wa bara ni kimyanga. Unatokana na virusi vinavyosambazwa na mbawakavu wadogo wanaotafuna majani, na hata na mikono na zana zetu tunapokwenda shamba hadi shamba. Ulionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1966 karibu na Kisumu, Kenya, na tangu wakati huo umeshatajwa katika nchi nyingi za Afrika.

Katika bonde lile palibaki kipande kimoja tu kilichotoa cha kupeleka jikoni. Kilikuwa cha shangazi, aliyenikubalia kwa mdomo kisha akapanda mchanganyiko wake kama kawaida. Nacho pia kiliugua, sitaki kutia chumvi. Lakini miche mingine ilikuwa ya manjano na mingine, ubavuni pake, ilisimama na ukijani wake. Nilisimama ukingoni nikatazama, na sikuwa na neno la kusema. Shangazi ndiye aliyesema. "Baba," akaniambia, maana ndivyo alivyokuwa akiniita, "mbegu hizi si zangu. Nimeachiwa."

Ndugu zangu, nilikwenda bara kuongeza elimu nikiwa na swali moja tu: ile miche iliyosimama ilikuwa na kitu gani ambacho macho yangu hayakukiona?

Huko nikafanywa msaidizi wa wataalamu waliokuwa wakikusanya majani ya mpunga mwitu katika Bonde la Kilombero. Huu ni mpunga wa porini wa Afrika, ambao jina lake la kitaalamu ni Oryza longistaminata. Unaota kwenye vinamasi na kingo za mito, mrefu kuliko mtu, na punje zake zina ndevu ndefu na hupukutika kabla hujawahi kuzivuna. Siku ya kwanza niliinama kwa fahari kufanya kama mama alivyonifundisha. Nikatazama kiulimi. Kipo! Kirefu, tena kuliko cha mpunga wa shambani. Basi kanuni ya mama, iliyonitosha utoto wangu wote, ikanifikisha hapo na kunibwaga. Mpunga mwitu si jirani wa mpunga wetu, ni ndugu yake wa damu. Ukiwa mche mdogo shambani, mkulima hodari kabisa hawezi kuwatenganisha.

Jambo la pili lilinishangaza zaidi. Nilikuta kinamasi kilichojaa mpunga mwitu mpaka upeo wa macho, nikaanza kukata majani haraka haraka, mche huu na mche unaofuata. Mkubwa wangu akanizuia. Aliniamuru nitembee hatua nyingi kabla ya kukata jani jingine. Sababu yake ni kwamba mpunga huu una mashina yanayotambaa chini ya udongo kama tangawizi. Mashina mia moja yanayosimama juu ya maji huenda yakawa mmea mmoja tu, umetambaa. Na kidimbwi kidogo kando ya njia, chenye mashina ishirini, huenda kikawa na mimea ishirini mbalimbali, kila mmoja na wazazi wake, maana mpunga huu kwa kawaida haukubali chavua yake wenyewe. Lazima upate ya mwenzake.

Hapo nikalikumbuka bonde letu la kijani kama zulia. Lilikuwa limejaa, lakini lilikuwa na mbegu moja. Wingi na tofauti ni vitu viwili, na mimi nilikuwa nimevichanganya.

Sasa nyinyi vijana wa sayansi mtaniuliza: mtu atajuaje kama mashina mawili ni mmea mmoja au ni miwili? Nitawaeleza kama nilivyoelezwa, nanyi mtaona kwamba si uganga.

Ndani ya kila chembe hai ya mmea mna uzi wa DNA, ulioandikwa kwa herufi nne tu, A, T, G na C. Mpunga una kiasi cha herufi milioni 400. Katika uzi huo kuna pahala ambapo herufi chache hujirudia: GA, GA, GA, GA. Mmea mmoja utajirudia mara kumi na mbili, mwingine mara kumi na saba. Pahala kama hapo wataalamu hupaita maikrosatelaiti. Fikirieni tasbihi. Ya punje 33 na ya punje 99 zikitundikwa ukutani, mtu aliye mbali ataona zote ni tasbihi. Lazima azishike na kuzihesabu.

Kuhesabu kwenyewe ni hivi. Unachukua jani, unalikausha, unalisaga na kutoa DNA. Kisha unakinakili kile kipande unachokitaka peke yake, mara mamilioni, kwa njia aliyoibuni Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983, na iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Halafu unatia vipande hivyo kwenye jeli na kupitisha umeme. Vipande vifupi hukimbia mbele, virefu hubaki nyuma, na mwisho unaona mistari kama ngazi. Kila mmea una mstari wa baba na mstari wa mama. Ukipima pahala pengi, na mashina mawili yakalingana kote, basi hayo ni mmea mmoja. Yakitofautiana, unaweza kupima yametofautiana kiasi gani, na kama kinamasi hiki kimepata kuchanganya damu na kile cha pili. Hizo ndizo alama za vinasaba. Kwa njia hii mpunga mwitu umepimwa Ethiopia na Uganda. Kenya nako Evans Mutegi na wenzake walipima mtama wa mwituni na wa shambani, wakakuta kwamba ule wa mwituni una tofauti nyingi zaidi za urithi kuliko ule tunaoulima.

Msistaajabu. Mkulima wa zamani alipochagua mbegu, alichukua punje chache alizozipenda na kuziacha nyingine zote porini. Kwa hivyo pori ni ghala, na shamba ni kile kikapu tulichotoka nacho ghalani.

Mwenye shaka atauliza: ghala hilo limetusaidia nini? Nitataja mifano minne, yote ya kweli.

Wa kwanza ni wa Asia. Katika miaka ya 1970 virusi vingine vilidumaza mpunga na kuwatia njaani wakulima. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa mpunga kilichoko Los Baños, Ufilipino, kilipima maelfu ya mbegu. Kinga ikapatikana katika mkusanyo mmoja tu wa mpunga mwitu uitwao Oryza nivara, uliochumwa India mwaka 1963, na hata ndani ya mkusanyo huo si kila mche uliokuwa nayo. Kutokana nao ikapatikana mbegu ya IR36, iliyotolewa mwaka 1976 na ikaenea mamilioni ya hekta. Fikirieni: lau mtu yule angelichuma kwa uvivu, mche mmoja tu, huenda angeliikosa.

Wa pili ni wa Afrika yetu. Oryza longistaminata, ule ule wa kupukutisha punje, ulitoka Mali ukapelekwa Asia, na ndani yake ikakutwa kinga ya ugonjwa wa bakteria unaokausha majani ya mpunga. Mwaka 1995 Pamela Ronald na wenzake huko California waliitambua sehemu yenyewe ya DNA inayotoa kinga hiyo, inaitwa Xa21.

Wa tatu utawafurahisha kina mama. Mwaka 1996 Wachina wa Yunnan walipata mche kwa kuuchanganya mpunga wa shambani na huo huo mpunga mwitu, kwa ajili ya yale mashina yake yanayotambaa. Baada ya kazi ya miaka mingi, mwaka 2018 ikatolewa mbegu ya PR23. Unaipanda mara moja, ukivuna inachipua tena. Imeweza kuvunwa mara nane mfululizo katika miaka minne, bila ya kulima upya.

Wa nne unahusu ugonjwa ulioniaibisha mimi. Wataalamu walipotafuta kinga kali ya manjano ya mpunga waliikuta katika mbegu chache mno. Moja ni ya kienyeji kutoka Msumbiji, pwani hii hii yetu, inayoitwa Gigante. Nyingine ziko katika ule mpunga wa jadi wa Afrika Magharibi. Na wengine wamezisoma herufi za virusi vyenyewe, wakakadiria kwamba ugonjwa huu ulianza mashariki ya Tanzania, kati ya karne ya 19. Mpunga mwitu nao huupata ugonjwa huo. Kwa hivyo nisiwadanganye kwamba pori lote ni rehema. Katika ghala hilo hilo mmekaa adui na dawa yake. Anayeliteketeza ghala kwa kumwogopa adui huiteketeza na dawa.

Narudi kisiwani kwetu, maana safari imekuwa ndefu. Sisi Wapemba tuna jambo la kuzingatia zaidi ya wenzetu. Unguja na bara zilikuwa nchi moja zama za barafu, wakati bahari iliposhuka, maana maji baina yao ni haba. Pemba haikuungana nao wakati ule. Mkondo baina yetu na bara una kina kinachofika kiasi cha mita 800. Ndiyo maana tuna popo wetu, na mpapindi wa Ngezi, usioota porini pahala pengine. Na majani yetu pia hayakupita kwa miguu. Yamekuja kwa upepo, kwa maji, kwa tumbo la ndege au kwa jahazi. Waliochimba magofu ya Tumbe na Chwaka, Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher, walifuatana na Sarah Walshaw aliyechunguza punje zilizoungua majikoni. Kule Tumbe, mji wa karne ya 7 hadi ya 10, watu walikula zaidi mawele. Chwaka, iliyofuata, mpunga ulikwisha shika nafasi. Mpunga wetu basi ni mgeni aliyeletwa, kiganja kwa kiganja, mkono kwa mkono.

Kinachofika kisiwani ni kichache, na kikipotea hakirudi chenyewe. Bara kinamasi kimoja kikifukiwa, huenda kilicho jirani kikakirudishia mbegu. Hapa jirani yetu ni bahari.

Ndugu Mwenyekiti, nakaribia mwisho. Nilipokwisha kujifunza kuhesabu zile punje za tasbihi, nilirudi nyumbani makusudi, na vifuko vya karatasi mkobani, nikamfuate shangazi anipe kiganja cha kila kibuyu. Nilikuta alifariki miezi minne kabla. Msiba nilikuwa nimepewa habari, bali safari ndiyo iliyochelewa. Nyumba ilikuwa imeezekwa mabati mapya. Jiko la zamani lilivunjwa. Nikauliza vibuyu. Binamu yangu akanijibu kwa upole kwamba vilikuwa na mbegu kuukuu, hakuna aliyejua ni za nini, wakawapa kuku.

Sijui kama ndani yake palikuwa na kinga, au ile miche iliwahi tu kukua kabla mbawakavu hawajafika. Sitajua. Mashine zote nilizojifunza kuzitumia zinahitaji jani moja, kipande kisichozidi kidole, na jani hilo halipo.

Basi nyinyi wanetu, nina ombi moja, na halihitaji fedha. Likizo hii kila mmoja aende kwa bibi yake, au shangazi yake, au mzee yeyote mwenye bonde, amuulize: una mbegu gani, nani alikupa, inapenda maji kiasi gani? Aandike kwenye daftari, jina la mbegu, la mtoaji na la bonde. Aombe kiganja kimoja, akikaushe kivulini, akitie kwenye chupa kavu yenye kifuniko kinachobana, akilete skuli. Na jani la porini msilolijua, lililo karibu na bonde linalotaka kufukiwa, mlikaushe baina ya magazeti na muandike pahala mlipolikuta. Mwalimu wa bayolojia ameniahidi kabati. Mimi nitaleta chupa mia moja za mwanzo, na zikijaa nitaleta nyingine.

Nanyi wenzangu madaktari na mahakimu, mliocheka hapo mwanzo, naona hamcheki sasa. Nanyi mna mashangazi. Anzeni nao.